Bakuli Lililorudi Tupu

Baba alifariki bila kuacha neno lolote juu ya nyumba, na mpaka leo namlaumu kwa hilo, Mungu amrehemu. Nyumba ilikuwa karibu na stesheni ya Korogwe. Sisi tulikaa vyumba vya mbele, vya nyuma walipanga wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Arobaini haijafika, binamu yetu, mtoto wa dada yake baba, akaja kutoka Chanika kule Handeni. Akasema kwa desturi ya Wazigua mali ya mjomba ni ya mpwa. Kuta zile mama ndiye aliyezikandia udongo, akiwa na mimba yangu.

Kesi ikaenda kwa zumbe, ambaye enzi zile za Mwingereza ndiye aliyekuwa mtawala wetu na hakimu wetu. Akaamuru kwamba mpaka ijulikane nyumba ni ya nani, kodi yote ipelekwe kwa karani wa baraza na kufungiwa sandukuni. Sisi tungeendelea kukaa. Lakini mdai yeyote ambaye angechukua kodi kwa mlango wa nyuma, angetolewa nyumbani na kesi yake kutupwa. Binamu aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Yeye alikuwa na mashamba na ng'ombe, sisi tulikuwa na kodi ile tu.

Kesi ikapigwa tarehe, ikapigwa tena. Mara shahidi anaumwa, mara zumbe ameitwa kwa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya. Mama akauza kanga zake za arusi, akauza na kitanda cha baba. Wadogo zangu wakaanza kulala mchana, na mimi nilijua mtoto mzima halali mchana bure.

Chumba cha mwisho alikaa mkata mkonge na mkewe, watu waliotoka mbali kwa mkataba wakabaki. Mkewe akaanza kutuletea unga kutoka kwenye posho ya mumewe, ndani ya bakuli la bati lenye ua jekundu. Hakusema kitu, alilitua mlangoni tu na kuondoka. Mama naye, kama alivyolelewa, hakurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu. Lilirudi na bamia, au mchunga aliouchuma kando ya reli. Mpangaji mwingine, ambaye binamu alikuwa akimnunulia chai, aliyaona yote.

Siku ya baraza binamu alisimama akiwa ametulia kabisa.

"Zumbe, huyu mama anakula kodi. Analipwa kwa unga."

Mama akasema ule ni ujirani. Nilikuwa nimekaa naye mkekani. Kuna mzee wa baraza aliyetutazama kama watu waliokwisha fungasha.

"Kama ni ujirani," binamu akasema, "chombo hurudi na kitu. Kodi ndiyo hairudishiwi kitu. Muulizeni lile bakuli, mara ya mwisho, lilirudi na nini."

Nilimchukia mtu yule siku ile, na sijaacha. Alikuwa anajua.

Zumbe akamwita mke wa mkata mkonge, akamwapisha. Mwanamke yule alisimama akishika ncha ya kanga yake.

"Lilikuwa linarudi na mboga, mzee."

"Na mara ya mwisho?"

Akamtazama mama. Niliona midomo yake ikijiandaa, na nikamwomba moyoni aseme bamia, aseme chochote, tulale kwetu usiku ule. Mama akasimama kabla hajaulizwa.

"Usiape uongo kwa ajili yangu, dada. Zumbe, lilirudi tupu. Nililiosha, nikalikausha, nikazunguka nalo uani natafuta hata jani. Sikupata. Nikalitua mlangoni kwake akiwa kisimani, nikakimbia kama mwizi."

Kisha akaketi na kujifunika uso kwa ukaya wake. Mama yangu, aliyezika mume bila kupiga kelele, alilia pale mbele ya wanaume wote wa baraza. Hakulia kwa njaa. Alilia kwa sababu sasa Korogwe nzima ingejua amerudisha chombo kitupu.

Zumbe akamgeukia binamu.

"Wewe ulijua kwamba nyumba ya mjomba wako haina hata jani?"

Binamu akaanza kueleza habari za desturi, akaambiwa akae chini. Zumbe akaamuru karani afungue sanduku, na kila mwezi, mpaka hukumu itoke, mama apewe humo chakula cha watoto wa marehemu. Unga ule, akasema, si kodi, maana hakuna mtu anayemkimbia mpangaji wake kwa aibu eti amepokea kodi.

Nyumba tuliipata baadaye sana, na habari hiyo inachosha.

Tulipotoka barazani na fedha ya mwezi ule nilidhani tunakwenda kununua unga. Mama akaingia duka la karibu na stesheni, akanunua sukari kwanza, fedha iliyobaki ikatosha unga kidogo tu, nikanuna. Hakunijali. Alikwenda moja kwa moja hadi chumba cha mwisho, akapiga hodi.

"Dada, naomba lile bakuli lako."

Akalijaza sukari mpaka juu, akamkabidhi kwa mikono miwili. Ndipo akanigeukia, akaniambia nikawashe moto.