Chembe za Mwanga Kutoka Kisian

Habari za kifo chake zilinifikia Jumanne kupitia mwalimu mwenzetu wa zamani kutoka Bondo, na jambo la kwanza nililouliza, naona haya kulikiri, ni kama marehemu aliwahi kunitaja. Hakunitaja.

Tulifundisha pamoja karibu na Kisian mwanzoni mwa miaka ya tisini, yeye fizikia, mimi historia. Mlimani alijenga kibanda cha mabati chenye darubini na taa ya leza, akitaka kupeleka mwanga hadi mjini Kisumu, juu ya maji ya ghuba. Ng'ambo, alinieleza, wataalamu walikuwa wakijaribu kutuma siri kwa chembe moja moja za mwanga. "Mtu akichungulia njiani, Mwalimu, chembe zinabadilika, na mpokeaji anajua." Yeye alitaka kwanza mahali pa kupimia kama hewa ya ziwa, na joto na ukungu wake, ingeruhusu kazi hiyo. Niliitikia, lakini sikumwamini. Miaka ile barua zilitufikia zikiwa zimefunguliwa, na kwangu mtu mwenye siri alikuwa ama mpelelezi wa serikali ama adui yake.

Chifu aliponiita akauliza, "Huyo mwenzako anaongea na nani kule town?" nilimweleza yote, hata paa la duka la nguo aliloniambia ameweka kioo cha kupokelea mwanga. Asubuhi iliyofuata askari walibomoa kibanda. Wengine walikwenda moja kwa moja kwenye lile paa.

Mwenzangu alinikuta nikisahihisha madaftari, akavuta kiti.

"Habari ya paa nilikuambia wewe peke yako," akasema taratibu.

"Nilidhani unatupeleleza."

"Na mimi nilishajua kuna mtu anampelekea chifu habari zangu. Kila mwalimu nikamwambia kitu chake tofauti, nione kipi kitamfikia. Niliomba Mungu isiwe wewe."

Akachukua chaki, akaenda darasani. Muhula uliofuata alihamia Bondo, na nasikia hakugusa tena darubini.

Huenda kazi ile isingefaulu. Hakuna atakayejua sasa. Ninachojua ni kwamba nilikaa naye meza moja miaka mitatu bila kumwomba hata mara moja anipandishe mlimani nikajionee. Angenipeleka kwa furaha. Msomaji wangu, ukimshuku mtu, wa kwanza kumuuliza awe yeye mwenyewe.