Kamba ya Mchimba Visima

Mchimba visima wetu wa Tawa huongea kwa kelele hata mezani, kwa vile amezoea kuita watu walio juu ya shimo. Kabla ya kushuka hugonga ukuta wa kisima kwa vifundo vya vidole, akasikiliza. Mimi humshikia kamba.

Mwaka wa sabini na nne kanisa lilitupeleka Mombasa pamoja na kwaya, tukaonyeshwa meli iliyozama karibu na ufuo. Mchimba akajifunga kamba kiunoni, akanipa ncha, akazama. Wanakwaya walicheka. Mimi sikucheka, maana hajui kuogelea.

Nilipomvuta, vifundo vyake vilikuwa vinatoka damu. Safari hii alininong'oneza.

"Kiilu, samaki wamejaa vyumba vyote. Nimebisha hodi kwanza, ndio nikaingia."