Grafu Niliyoikata kwa Rula

Mwezi ule wa Juni ukumbi wa michezo wa shule yetu ulinuka raba na jasho la watu wasiocheza. Tulikuwa wanafunzi zaidi ya mia, kila mmoja na meza yake, na kilichosikika ni vitufe vya vikokotoo tu, huku na huku, kama mvua inayoanza kugonga bati. Mlio ule ulinitia kiwewe. Wiki nzima mguu wangu wa kulia ulikuwa umekataa kutulia, mezani, kitandani, ndani ya basi la Don Mills, mpaka mama akaniuliza kama nina minyoo. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na chuo cha uhandisi kilikuwa kimeniahidi nafasi kwa sharti moja: hesabu nipate themanini. Kabla ya mtihani nilikuwa na themanini na moja.

Baba alifundisha hesabu Kigoma miaka mingi kabla hatujahamia huku ughaibuni, mtaa wa Flemingdon Park. Huku alipanga maboksi kiwandani, akirudi mgongo unamuuma, lakini jioni alivaa miwani, akafuta meza ya chakula, akawa mwalimu tena. Alinifundisha kuchora grafu kwa jedwali na penseli, nukta moja baada ya nyingine. Alinifundisha pia adabu ya mtihani kama alivyofundishwa yeye: rafu, zile hesabu za kujaribia, ifanye pembeni, ukimaliza ikate kwa rula, mstari mmoja wa mshazari, msahihishaji asihangaike nayo. Kikokotoo nilichoazimwa shuleni, kilichochora grafu kufumba na kufumbua, hakukipenda. "Usiache mbachao kwa msala upitao, mwanangu," aliniambia. Nikamjibu kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi yetu watoto, kwamba hapa hakuna anayechora kwa mkono na kwamba ananichelewesha. Alifunga daftari taratibu, akaenda kuoga. Nilijua nimemuumiza, na sikumwomba radhi.

Swali la mwisho lilitaka grafu ya gurudumu kubwa la maonyesho linalopandisha watu na kuwashusha. Nikabonyeza. Skrini ikanionyesha mstari uliolala, karibu unyooke kabisa. Mkono wangu ukaanza wenyewe kuandika jedwali pembeni, na nukta zikapanda, zikashuka, zikapanda tena, wimbi safi. Zilibaki dakika sita. Nikatazama skrini, nikatazama wimbi, nikatazama saa ya ukutani. Kisha nikanakili mstari wa mashine kwenye nafasi ya jibu, na wimbi langu nikalikata kwa rula, vizuri kabisa, kama nilivyofundishwa.

Jumla ilikuja sabini na tisa. Mwalimu wangu wa hesabu, mama mmoja mpole, aliniita na karatasi mkononi. Siku moja kabla, kwenye mtihani wa fizikia, nilikuwa nimekiweka kikokotoo kipime pembe kwa nyuzi, na swali hili lilitaka kipimo kingine. Sikukirudisha kwenye kipimo hicho, ndiyo maana mstari wake ukalala. Akagusa wimbi langu kwa kidole. "Hili ndilo lilikuwa sahihi," alisema. "Kwa nini ulilikata? Kilichokatwa siruhusiwi kukipa alama."

Nyumbani nilimpa baba karatasi, nikasubiri aniambie asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakusema hivyo. Aliutazama ule mstari wa mshazari, akavua miwani. "Mstari huu ni wangu mimi," alisema. Tangu siku hiyo hakukaa nami tena mezani. Nilipomletea hesabu alisema niwaulize walimu wa huku, wao ndio wanaojua.

Sikuwa mhandisi. Mimi ni muuguzi, na wodini pampu ya kutilia dawa mshipani hujipigia yenyewe hesabu ya dawa. Hata hivyo napiga yangu kwa kalamu, vijana wakinicheka, na zikipishana situlii mpaka nimejua kwa nini. Mashine haina kosa. Ile ya shuleni ilifanya nilichoiamuru. Nafasi ya chuo nayo nilishaisahau. Ila baba alifariki akiamini kwamba adabu yake ya Kigoma ndiyo iliyoniponza. Siku ile ya mtihani mimi nililiona wimbi, nikajua ni lake, nikalionea haya, ndipo nikalikata. Nilikuwa na miaka mingi ya kumwambia, na sikumwambia.