Kuku kwenye mizani ya samaki

Jumamosi, 14 Machi. Mvua ilinyesha asubuhi hapa Ruziba, kisha jua likatoka kali.

Binti wa kaka yangu, anayesoma chuo kikuu, ametuletea majibu ya damu ya samaki. Niliyangoja kwa hofu. Wifi yangu, anayeuza samaki wa ziwani, amekuwa akisema tilapia wa bwawa langu wamegeuzwa ndani kwa dawa. Wateja wakapungua, na mume wangu akataka tulifukie bwawa tupande mihogo. Nimtendee haki wifi: kuna wafugaji wanaowapa vifaranga vya samaki dawa ili wote wawe madume. Hakulitunga jambo hilo.

Siku aliyokuja kupima, binti alichukua tone la damu kwa samaki wangu na kwa wa wifi, kisha akaomba na la kuku. Kila chembe ya damu, alisema, ina maandishi ya uzazi, yaani DNA. Yeye hayasomi, anapima wingi wake tu. Wingi wa kuku unajulikana, ndio jiwe la mizani la kulinganishia. Natumaini nimeandika sawa, shule yangu ilikuwa fupi.

Wifi ni mtu wa soko. "Jiwe ya kilo ni kuku ya nyumba hii? Itawapendelea!" Akaenda kuleta jogoo wake.

Leo tumeambiwa: kuku wote wawili wanakubaliana, na samaki wa ziwani na wa bwawani wamekaribiana sana. Tofauti ndogo ipo, hata ndani ya bwawa moja.

"Umesikia, wifi?" nikasema.

"Shangazi, polepole," binti akanikatiza. "Wingi hausemi nani mutamu. Kitunguu iko na mingi kuliko mutu."

"We wifi, kitunguu inakushinda!" wifi akacheka. Kisha akauliza: "Na dawa, je?"

"Dawa haionekani kwa kipimo hiki. Lakini wangepewa, karibu wote wangekuwa madume."

Hata mimi sikuwa na uhakika. Nikachukua wavu, tukateremka bwawani wote. Wa kwanza, dume. Wa pili, dume. Wa tatu alikuwa amevimba mashavu. Binti akamfungua mdomo taratibu. Mayai ya manjano, tele: tilapia jike huyalea mdomoni. Wa nne vilevile.

Wifi aliinama, akayatazama yale mayai.

"Warudishe hawa mama kwenye maji," akasema. "Jumatatu unipe beseni moja. Lakini mi nitasema ni ya bwawa, sitadanganya mutu."

"Sema hivyo hivyo," nikamjibu. Mume wangu hakutaja mihogo tena. Aliuliza tu kama wavu una tundu.

Jioni tulikula ugali, mboga za lengalenga kwa mafuta ya mawese, na wale madume wawili wa kukaanga.