Mizani ya Babu

Hadi leo nikisikia harufu ya ndimu na majivu kwenye shaba, namwona baba barazani kwetu Rumonge, anasugua maganda ya risasi. Kabla ya vita alikuwa na bunduki ya kuwindia nguruwe pori waliomaliza mihogo ya watu kule Kigwena, na risasi zake alizijaza upya mwenyewe nyumbani. Bunduki ilikwisha chukuliwa. Sifa ikabaki, nayo ndiyo iliyotuponza.

Vita vilipopamba moto, akaja chefu wa watu wenye silaha na gunia la maganda matupu. Akamwambia baba achague vifaa vya kuyajazia, yeye atavitafuta. Msiniulize jinsi baba alivyogeuka! Karabai za wavuvi alizitengeneza kwa msumari wowote aliouokota, lakini sasa kila kitu alicholetewa kilikuwa na kasoro. Mashine ya kukandamizia imelegea. Mizani ya kupimia baruti, ya kwanza nzito, ya pili ina kutu. Wiki zikapita bila risasi hata moja, na mama akazidi kukonda.

Mimi nilikuwa na miaka minane na kiherehere cha kuwatosha watoto watatu. Chefu aliporudi amekunja uso, nilikimbilia sanduku la mama nikatoa mizani ya babu, aliyekuwa sonara. Baba mwenyewe alizoea kusema haikosei hata punje ya mchele.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akapima ndagala mmoja, dagaa wa ziwani kwetu, mara mbili, na kila mara jibu likawa tofauti. Mimi niliyekaa chini nilikiona kidole chake kikigusa kisahani kwa chini.

"Hii nayo inadanganya, chefu," alisema. "Baruti ikizidi kidogo, bunduki itapasukia mu mikono ya watu wako."

Nikafungua mdomo nimsahihishe. Baba akanitazama.

"Mama yangu," alisema polepole, maana nina jina la mama yake, "mupe chefu maji ya kunywa."

Nikaenda. Chefu akanywa, akabeba gunia lake, hakurudi tena.

Nilinuna siku mbili. Niliona aibu kuwa na baba anayechezea mizani kama wachuuzi wa sokoni. Yeye kila mlo alinitolea miiba ya samaki.

Mizani iko kwangu sasa, na bado haikosei. Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa kwamba baba alikuwa akikataa tangu siku ya kwanza, kwa njia pekee iliyotuacha hai. Na kwamba aliponiita mama yake, alikuwa ananiomba nisimuue.