"Used to" Mbele ya Mwalimu Mkuu

Vita vilipotuvusha ziwa kutoka Kilwa, si ile ya pwani, mpaka Nchelenge katika nchi jirani ya Kiingereza, mimi na mama, nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja tu nimalize shule ya msingi. Kifaransa nilikimudu. Kiingereza nilikuwa nimeokota maneno machache, na nililolipenda ni "used to", la jirani yetu, mzee aliyestaafu migodini Copperbelt. Halikumwisha mdomoni: zamani alikuwa akiendesha winchi, alikuwa akinywa chai ya maziwa. Akanieleza kwamba ni la jambo ulilokuwa ukilifanya siku zote na sasa hulifanyi tena. Halafu, kunivuruga kichwa, akasema ukitanguliza "I am", basi jambo hilo umelizoea na bado unalo. Nilifanya mazoezi kwenye moshi wa kukaushia samaki mpaka mama akachoka kunisikia.

Kwa kuwa Kiingereza sikukijua, mwalimu mkuu wa shule ya huku alitaka kunipeleka darasa la kwanza, kwa watoto wasionifika kiunoni. Ningekufa kwa aibu. Siku ya kuhojiwa nilisimama wima mbele yake, mikono nimeikunja kifuani, kama tulivyofundishwa ng'ambo ya ziwa kumheshimu mwalimu. Uso ukamkunjamana. Upande huu mtoto hupiga goti mbele ya mkubwa. Anayekunja mikono anatafuta ugomvi. Akaniuliza kwa Kibemba mama yangu alinilea vipi.

Damu ilinichemka. Mimi unaweza kunisema utakavyo, lakini mama yangu? Sikuishusha mikono. Nikamjibu kwa Kiingereza: "In our school we used to stand like this. It is respect."

Akanitazama upya. Kisha akauliza, safari hii kwa Kiingereza na polepole, kama nitaweza kuvumilia wenzangu wa darasa la saba wakinicheka.

"I am used to it," nikasema.

Alicheka hadi akavua miwani, akaniandika darasa la saba. Nilitoka ofisini mle nikitembea kama mwenye shule.

Mama alikuwa akiningoja langoni na beseni lake la samaki, tayari kwenda sokoni. Nilimwambia. Alivua kitenge cha begani akafunika beseni.

"Hii samaki hatutaiuzisha," akasema kwa Kiswahili chetu cha ng'ambo. "Leo tutaikula sisi. Na tutaikulia inje, batu baone."