Mikanda Miwili Jikoni kwa Mama

Hapa Same mjini vijana hunicheka. Kila simu ina kamera, nami bado nahangaika na mikanda ya filamu, tena ya nyeusi na nyeupe. Waache wacheke. Mwaka huu nilipata mikanda miwili ya kasi, ile inayonasa picha gizani bila flashi: mmoja wa kasi ya 400, ambao ningeulazimisha kufanya kazi ya 1600, na mwingine wa 3200; namba ikiwa kubwa, giza halisumbui sana. Nilitaka kujua upi ni bora, nikapanda nayo milimani, kijiji cha Mamba, kwa mama.

Nilimkuta jikoni akimenya tangawizi. Nikamwomba atoke nje nimpige picha, akakataa, eti jua linamuumiza macho. Nilifurahi kimoyomoyo, maana jiko lile ni jeusi kwa masizi na mwanga huingia mlangoni tu, hata sura ya mama niliiona kwa shida. Nikamaliza mkanda wa kwanza, nikaweka wa pili. Mama alicheka huku akinywa chai, ikamdondokea kidevuni, akajifuta kwa kanga.

Niliporudi nyumbani nilisafisha ule wa 3200 kwanza, kwa dawa, bafuni kwangu. Ulipokauka niliuegemeza dirishani, nikaupiga picha kwa simu na kugeuza rangi, nyeusi iwe nyeupe. Chembe za picha zilikuwa nene kama unga wa dona, lakini hata nyufa za ukutani zilionekana. Kilichonikera ni mdomo wa mama. Upande wa kushoto ulikuwa umeshuka. Nikailaumu filamu, kwamba chembe zake zimeharibu sura ya mtu.

Nikasafisha wa 400. Huo chembe zake zilikuwa ndogo, vivuli vyeusi tii, ukuta wote umepotea. Mikanda ile haikukubaliana kwa lolote ila mdomo wa mama. Ulikuwa umeshuka upande uleule, na jicho la upande huo limelegea. Niliogopa kiharusi. Mkanda ukaniponyoka. Msemo wa mficha maradhi ulinijia, nikaukatisha kabla haujafika mwisho.

Nikampigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Picha zimetoka?"

Nilisikiliza kila neno kama linaburuzika. Nikamuuliza mdomo umepatwa na nini. Nilisikia kisu kikiwekwa chini.

"Umeuona?" akasema. "Mimi nilijua mle jikoni kamera haioni kitu."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu tulipokuwa tunapalilia. Niliamka nao asubuhi, nikasema utapita. Nikitoka nje najitanda kanga."

"Na mkono?"

"Mkono nao mzito kidogo. Usiwaambie ndugu zako."

Nilimwambia natafuta gari, namfuata sasa hivi twende hospitali. Nilijiandaa kwa ubishi, kwa sababu mama yangu habebwi kama mzigo. Alianza kweli, akauliza tangawizi atamwachia nani. Kisha akaacha.

"Njoo," akasema. "Hata mimi naogopa."